Bido la Mawese na Somo la Enzimu

Shule yetu pale Likasi ilikuwa na maabara. Mlangoni palikuwa bado pameandikwa hivyo kwa rangi ya buluu, na miaka ile wakubwa wa nchi waliamini maandishi kuliko macho yao. Ndani mlikuwa na meza mbili za saruji na matundu ukutani mlimokuwa mabomba ya shaba. Mabomba yenyewe yalikwisha kwenda Kambove kuuzwa. Aliyeyang'oa lazima alikuwa na ufunguo, maana kufuli lilikuwa zima.

Nilikuwa mwaka wa sita, sehemu ya biolojia na kemia. Tukaambiwa inspekta anakuja kuamua kama sehemu yetu inastahili kuendelea. Akiandika ndiyo, tungefanya mtihani wa serikali. Akiandika hapana, tungerudi nyumbani bila diploma. Mimi nyumbani nilikuwa nangojewa na shangazi yangu, aliyeona msichana akifika wa sita amesoma mpaka amepitiliza, kilichobaki ni mume. Kwa hiyo inspekta yule nilimwombea safari njema kuliko alivyoombewa na mke wake.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa kijana aliyerudi nyumbani baada ya chuo kikuu kufungwa. Alikuwa na suruali moja na kiburi cha watu kumi. Prefe, mkuu wa shule, alimshauri afundishe jani na mwanga wa jua kama kila mwalimu anayeogopa. Akakataa. Akatoa daftari la chuo lililoliwa na panya pembeni, akasema atatufundisha jinsi enzimu inavyobandika asidi ya mafuta kwenye protini. Prefe akaitikia kwa kichwa. Nina hakika hakuelewa hata neno moja, ila neno gumu lilimtia heshima.

Leo bado naweza kulieleza somo lile usingizini. Ndani ya seli mna majimaji, na protini huelea humo bila makao. Ukingo wa seli ni utando wenye mafuta. Enzimu moja huchukua asidi ya mafuta, tuseme ile iliyopewa jina la mchikichi, ikaibandika kwenye protini. Protini ikishapata huo mkia wa mafuta, mkia huzama ndani ya utando, na protini hukaa pale ukingoni, mahali ambapo habari za nje hupokelewa. Enzimu nyingine huja kuukata mkia, na protini ileile, bila kosa lolote, hurudi kuelea. Tulicheka darasani, maana kila mmoja wetu alimjua jirani wa namna hiyo, aliyeachishwa kazi kule kiwandani.

Kwa maonyesho tulihitaji beseni la maji, mawese ya kumwaga juu yake yawe utando, karatasi iliyolowa iwe protini, na pamba iliyochovywa mawese iwe asidi. Mimi nilichaguliwa kuwa enzimu. Kazi yangu ilikuwa kufunga pamba kwenye karatasi kwa uzi. Mawese ya kikombe kimoja yangetosha, lakini mwalimu alitaka bido zima, dumu lililojaa, lionekane mezani, ili inspekta aandike kwamba vifaa viko tele.

Bido zima lilikuwa kwa mama yangu. Aliuza mawese sokoni kwa kikombe, naye ndiye aliyetulisha, kwa kuwa baba aliendelea kuamka kwa king'ora cha kiwanda ambacho kilikuwa kimeacha kulipa watu lakini hakikuacha kupiga king'ora. Mama alinisikiliza, akaufuta mdomo wa bido kwa kitambaa, akasema, "Rudisha ile bido magaribi. Kesho njo soko." Nikamwahidi kwamba jioni lingerudi, liwahi siku ya soko.

Sasa sikia ujinga wetu. Kwetu mgeni wa ofisi hatoki mikono mitupu, na zawadi yake huwekwa garini kabla hajaanza kazi, ili kalamu yake ijue. Prefe alipita maabarani asubuhi ile inspekta alipofika, akaona bido mezani limefutwa likang'aa, akafurahi kwamba wazazi safari hii wamejua adabu bila kukumbushwa. Akalibeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye motokari ya inspekta. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wageni wetu wa miaka ile walikuja mwenyeji akaugua.

Inspekta akaingia, mnene, mwenye harufu ya sabuni. Mwalimu akaanza vizuri. Alipogeuka kuchukua mawese, meza ilikuwa tupu. Akatafuta chini ya meza. Akatafuta nyuma ya mlango. Akachora utando ubaoni kwa chaki, na karatasi yetu ikazama ndani ya beseni mbele ya watu wote.

Inspekta akatikisa kichwa, akaandika huku akisoma kwa sauti, "Vifaa vya kufundishia, hakuna."

Kupitia dirisha niliona bido la mama kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. Nilipandwa na hasira. Nikasimama.

"Pardo, Mesie Inspekta. Vifaa iko. Iko mu motokari yenu."

Prefe alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Inspekta akacheka kicheko kifupi, akamtuma dereva. Bido likarudi. Tukamwaga kikombe kimoja, nikafunga uzi wangu, na karatasi ikaning'inia chini ya mawese, nzuri ajabu. Mwalimu akakata uzi kwa wembe, ikazama. Darasa likapiga makofi. Inspekta naye akapiga, akafunga kalamu yake, akaitia mfukoni.

"Somo muzuri sana," akasema. "Nitasainia ku biro."

Akaondoka kwenda ofisini kwake bila bido, na bila kusaini.

Kesho yake prefe alimwita mama. "Mutoto wenu alitupatisha haya mbele ya mugeni," akasema. "Ile karatasi ya inspekta haitatoka bure."

"Minye nilitoa mafuta ya masomo," mama akajibu, "hapana ya motokari."

"Mama, munajua vile bintu inaendaka."

Alijua. Mkono mtupu haulambwi, na mama alikuwa ameyajua hayo kabla prefe hajaota ndevu. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alilijazia bido kikombe kilichopungua, akakaza kitambaa kichwani, akalibeba kwa miguu mpaka ofisini kwa inspekta. Mchana alirudi na karatasi yenye saini. Sehemu yetu ilistahili. Vifaa, iliandikwa, vilikuwa tele.

Jioni aliketi akinyoosha shingo. "Ile kintu mulifundishwa," akaniuliza, "ile inafunga mafuta ku muntu juu abakie pa fasi yake, inaitwa je?"

"Enzimu, mama."

Akafikiri. "Basi enzimu njo minye."

Ndiye yeye kweli, nikamkanda shingo. Diploma niliipata, na shangazi alingoja sana. Lakini bila bido mama hakuwa na cha kupeleka sokoni, na mwezi ule wote alikwenda Kakontwe kuponda mawe pamoja na wanawake wengine, akarudi jioni nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi la chokaa. Daftari la mwalimu lilisema enzimu hutoka kazini nzima kama ilivyoingia, tayari kwa kazi nyingine. Aliyeandika hivyo hakuviona vidole vya mama yangu.