Valvu Zangu, Transista za Mwenzangu

Baba yangu alinyolewa na kinyozi mmoja tu, Darajani, tangu ujana wake. Siku moja tulikwenda Fumba harusini, shemeji yake akamnyoa huko bure. Tuliporudi mjini tukapita mbele ya yule kinyozi. Alimtazama baba kichwa, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa kiti kisichokuwa na vumbi. Mimi mtoto nikacheka. Nilidhani wivu ni wa wake wenza peke yao.

Na kinyozi huyo ndiye aliyenitia kazini, maana skuli niliiacha mapema, hesabu hazikuniingia. Jirani yake alikuwa mzee wa Kihindi anayetengeneza redio. "Kakae pale, ufagie," akaniambia. Nikafagia, nikabaki. Tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na Mtumbatu mmoja mwenye mdomo mwepesi. Mimi nilipenda redio za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kwa rangi ya chungwa. Unaziona kabisa kwamba zimo kazini. Mwenzangu akapenda transista, vidude kama punje za pilipili manga, havina taa wala joto. Tulibishana mpaka mzee akafariki. Mimi nikafungua banda Mji Mkongwe, yeye chini ya majumba ya Michenzani. Wateja wakamfuata. Hilo nilimsamehe. Au tuseme nilisema nimemsamehe.

La binti yangu ndilo lililonikwama.

Binti yangu ni mhandisi, yuko ng'ambo, kazi yake setilaiti za mawasiliano. Mwaka huu alikuja likizo, skuli moja ya Kiembe Samaki ikamwomba azungumze na wanafunzi Jumamosi, na aje na fundi aliyemwonyesha kazi mwanzo. Niliposikia, nikatoa kanzu yangu ya Idi, nikampa mama yake aipige pasi. Sikuwa nimeambiwa kitu. Lakini angekuwa nani mwengine?

Alhamisi, baada ya alasiri, nikamkuta bandani kwa mwenzangu, wawili wameinamia karatasi moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe ndiko uliko."

"Karibu, yakhe," mwenzangu akasema. "Mwanao ananambia kule juu valvu bado zipo."

Moyo ukaniruka. "Angani?"

"Zipo, baba. Si chupa kama zako, ni bomba refu, lakini ukoo mmoja. Mawimbi yakitoka huku chini, yakifika kwenye setilaiti yamechoka, lazima yatiwe nguvu ndipo yarudishwe. Kazi hiyo hufanywa na bomba, au na transista nyingi kwa pamoja. Sasa kule umeme wote ni wa jua, na bomba halipotezi mwingi kwa joto. Ukitaka nguvu kubwa, kama kurusha televisheni nchi nzima, bomba bado lina cheo."

"Nimesema nini miaka yote?" nikamwuliza mwenzangu.

"Umesema kweli. Ila wateja wako ndio wahamie mbinguni."

Wakacheka wote wawili, kicheko kimoja, kama watu wa nyumba moja. Mimi nilicheka peke yangu, nyuma yao.

Nikataka na mimi nionekane najua. "Na ile sehemu yake inayopata moto, haichoki?" Maana valvu huzeeka, hilo hakuna wa kunifundisha.

"Huchoka, baba, baada ya miaka mingi. Ndiyo maana huwekwa na bomba la akiba. Transista ikifa moja, wenzake wanaendelea, nguvu hupungua kidogo tu. Tena bomba linataka umeme mkali mno. Setilaiti yetu sisi itarusha miale midogo midogo ya mawimbi, mingi, kila mmoja pahala pake, kwa hivyo tumechagua transista. Na mimi ule umeme mkali nnauogopa tangu zamani." Akamgeukia mwenzangu. "Unakumbuka, mwalimu?"

Mwalimu.

Nakumbuka mimi. Alikuwa mdogo, hata meno ya mbele hajamaliza kuota, akatia kidole nyuma ya redio yangu. Umeme ukamtupa chini. Nikamnyanyua, nikamtoa nje, nikamwambia asikanyage tena bandani, nikatia komeo. Ningefanya nini? Zile redio zinaua. Za mwenzangu zilikwenda kwa betri za tochi. Mtoto aliweza kuipakata moja, akaifungua huku anakula ubuyu, isimdhuru. Basi akawa anakwenda huko. Mimi nilidhani anakwenda kucheza kamba na watoto wenzake.

"Jumamosi ntakupitia saa tatu," binti akamwambia mwenzangu.

Mwenzangu akanitazama, mzaha ukamtoka. "Mchukue baba'ko, mwanangu. Mimi nna kazi."

"Baba naye atakuja. Atakaa na mama."

Sitasema uongo: mwenzangu alijaribu, na kujaribu kwake ndiko kulikoniunguza zaidi. Ubaba wangu ndio nigaiwe na yeye, kama sadaka ya Ijumaa? Bora angeringa, nikapata cha kumtukania.

"Kaa basi, nakuagizia kahawa," akasema, akavuta kigoda.

"Naam. Nnakuja sasa hivi."

Nikavaa makubadhi yangu, nikapita chini ya nguo walizoanika watu wa ghorofani, zinanidondokea maji kichwani, nikavuka barabara. Sijarudi tena pale.