Nyaya Nne za Landrova ya Dongobesh

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ukungu pale Dongobesh ambayo hainitoki kichwani, ingawa siku hizi nasahau hata mahali nilipoegemeza fimbo yangu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye gari akawa huru kununua mazao na kuyauza anakotaka. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa bado watu wa Arusha. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa miezi michache kwenye gereji moja mjini, nikarudi kwetu Nambis nikijiona fundi.

Bwana Hamisi, mwenye duka, alikuwa na Landrova ya petroli iliyonizidi umri. Dereva wake alikuwa Mzee Bura wa Tumati, mtu mpole aliyeliendesha gari lile tangu mimi nikichunga ndama. Asubuhi hiyo lilipakiwa vitunguu saumu vya kwenda mnadani Katesh, likagoma kuwaka. Bwana Hamisi akasema mbele ya watu wote, "Leo gari hili lisipofika mnadani, natafuta dereva mwingine." Nami, mwanangu, nilikuwa nimekuja kumwomba kazi hiyo hiyo.

Mzee Bura hakuwa na haraka. Unazijua salamu za kwetu: husemi shida yako kabla hujauliza nyumba, watoto, ng'ombe na mvua, na kila swali unalingojea jibu lake. Yeye alilisalimia gari vivyo hivyo.

"Habari ya betri?" Akavuta stata, injini ikazunguka kwa nguvu. "Nzima. Habari ya petroli?" Akachomoa mpira wa mafuta, akaona yanakuja, akanusa. "Safi. Habari ya moto?" Akachomoa waya mmoja wa plagi, akausogeza karibu na chuma huku mimi nikimvutia stata. Hakukuwa na cheche. Akaurudisha waya mahali pake, akafungua kile kifuniko cheusi kinachogawa umeme kwenye plagi, akapitisha kidole ndani. Kidole kikatoka kimelowa.

"Ni mafua tu," akasema. "Limelala kwenye ukungu. Ngoja nikaombe kitambaa kikavu jikoni."

"Mzee, hili ni gari au mgonjwa wa zahanati?" nikamtania, na wapakiaji wakacheka. "Waambie walipikie na uji!"

"Uji nitakunywa mimi," akajibu, akaenda zake.

Wapakiaji nao wakaingia stoo na Bwana Hamisi kufuata gunia la mwisho. Nikaona nafasi yangu ya kujionyesha fundi imefika. Nikachomoa nyaya zote nne kwa pamoja, nikafungua plagi, nikazisugua, nikazirudisha. Nyaya nikazipanga moja, mbili, tatu, nne, kama wanafunzi mstarini. Sikujua kwamba injini ile haihesabu hivyo. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona kumwuliza mzee ni aibu.

Mzee akarudi, akakausha kifuniko vizuri, akavuta stata. Gari likapiga mshindo kama bunduki, kuku wakatawanyika, likazima.

"Nani amechezea nyaya?" akauliza Bwana Hamisi.

"Nilizikuta hivyo," nikasema.

Maneno mawili tu, mwanangu. Mzee Bura akavitazama vidole vyangu vilivyojaa masizi. "Kijana," akasema taratibu, "sema." Nikatazama chini. Basi akainama, akazihamisha nyaya mwenyewe: moja, tatu, nne, mbili. Likawaka papo hapo.

Ungedhani ameokoka. Lakini Bwana Hamisi alikuwa ameshahukumu moyoni. "Aliyejua kuzipanga ndiye aliyezipangua," akasema. "Mzee, umechoka. Nipe funguo." Funguo zikaja mkononi mwangu. Mzee Bura akachukua koti lake kwenye kiti cha dereva, akaondoka kwa miguu kuelekea Tumati.

Niliendesha gari lile miaka mingi. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya kwangu yalikua mpaka yakaota mvi. Watu walipokuwa wameshazoea kusema "mkoani kwetu Manyara", ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda Tumati. Nilimkuta macho yamefifia, mkewe anapepeta maharage pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni nani?"

Nikajitaja. Akaniuliza nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, na kila jibu akalisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamsogelea sikioni. "Mzee, zile nyaya nilizichanganya mimi. Nisamehe."

"Mbona unanong'ona? Mimi nilijua siku ile ile." Akaita wanawe na wajukuu, wakaja wote wakasimama. "Haya, rudia. Wasikie na hawa."

Nikarudia, mwanangu. Mkewe akauweka ungo chini. "Miaka yote hii," akasema, "nikikasirika namwita mzembe aliyeharibu gari la watu. Wewe baba, kwa nini hukujitetea?"

"Nilijitetea," akasema mzee. "Hukuniamini."

Mwanawe mkubwa akanivutia kigoda, nikakaa, lakini sikuweza kumtazama yule mama usoni.

Basi shika hili. Kitu kikikataa, kiulize swali moja na ungojee jibu kabla hujagusa cha pili. Atakayevuruga yote kwa pamoja hatajua tena kosa la gari ni lipi na la kwake ni lipi. Na ukikosea, sema pale pale, vidole vikiwa bado vyeusi. Mficha uchi hazai. Jina la mtu ulilolichafua hadharani usiende kulisafisha sikioni mwake. Lisafishe mbele ya watu wake, tena mapema, kabla mkewe hajazeeka akiamini uongo wako.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa kusema "ni mimi". Mvua ikukute umepanda, na watakaokuja kukusalimia wakukute huna deni la neno na mtu.