Mita ya Chumba cha Pasi

Mwenye nyumba wetu tunamwita Mzee Kesho, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Bati likivuja, kesho. Bomba likiziba, kesho. Si mkorofi wala si bahili. Ni mtu aliyechoka, na uchovu wake umetuambukiza wapangaji kama mafua.

Zamani hakuwa hivyo. Marehemu mkewe alikuwa dobi, na nguo nyingi zilizonyooka mtaani hapa zilipita mikononi mwake. Chumba cha mwisho kilikuwa chake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili nzito, na mvuke kutwa nzima. Mzee alipeleka nguo kwa wateja, akarudi na umbea wa mjini ili mkewe acheke. Mita ya umeme ilikuwa barazani, lakini ilinyeshewa, kwa hiyo fundi akaihamishia chumba kile, ukutani juu ya meza. Wazo zuri kabisa, mradi mlango uwe wazi.

Mkewe alipofariki, mzee alikifunga chumba na kutia ufunguo mfukoni. Msoma mita akija, aliambiwa kesho. Akirudi kesho, mzee alijifanya amelala. Yule bwana halipwi kuvunja milango. Aliandika kwamba mlango umefungwa, na kampuni ikaanza kukadiria. Ilikadiria kwa kufuata matumizi ya zamani. Basi kila mwezi ililetwa bili ya pasi mbili zinazowaka tangu asubuhi, kwenye nyumba yenye taa, redio ya muuguzi wa chumba cha kati, na mashine yangu ya kukaushia nywele.

Mtu atasema pilipili usiyoila yakuwashiani. Hii mimi naila. Mimi ni msusi, na kodi yetu ina umeme ndani yake, kwa hiyo bili zilikuwa za mzee, naye aligoma kuzilipa. Kampuni ikatoa onyo kwamba mwisho wa mwezi itakata umeme. Muuguzi akasema ukikatwa anahama, na mimi ningemfuata, maana nywele za watu hazikaushwi kwa kupepewa gazeti. Tukiondoka sisi, mzee hana kodi, na asipokuwa na kodi hana chakula. Wote tulilijua hilo, yeye kwanza.

Nilimsindikiza mzee kwenye ofisi ya kampuni kwa sababu peke yake angerudi kabla ya kuingia. Kulikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa pamoja, na feni iliyoelekezwa kwa wafanyakazi tu. Tulipigwa danadana hasa. Mtu wa malipo alisema hilo ni suala la mita, mtu wa mita akasema ni suala la malipo. Mwisho tulimpata karani mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya aliyechoka kama sisi, na yeye walau alisikiliza.

"Mzee, mashine inakadiria kwa matumizi yenu ya nyuma," alisema.

"Aliyekuwa akitumia amefariki."

Karani alimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akauliza kama akaunti ilikuwa kwa jina la marehemu, maana hilo lina utaratibu wake. Haikuwa. Basi dawa ni moja, akasema: mlango ufunguliwe, mita isomwe, hesabu yote irekebishwe. Msoma mita angepita Alhamisi. Akikuta pamefungwa tena, watakaofuata ni mafundi na ngazi yao.

Njia nzima mzee aliitukana kampuni. Wezi, wanyonyaji, wanakadiria kama wapiga ramli. Nilimwacha atwange maji kwenye kinu mpaka tulipofika kona ya kwetu, kisha uvumilivu ukaniishia. Miguu iliniuma, na wateja walikuwa wananisubiri.

"Baba, wezi ni wao, sawa. Lakini ufunguo si uko mfukoni mwako?"

Alikaa kwenye ukuta mfupi wa duka. Kisha akasema kwamba mle ndani bado kuna hewa aliyokuwa akiivuta mkewe, na siku atakapofungua itatoka yote. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumcheka, nikashindwa.

"Nitaingia na wewe," nilimwambia.

Alhamisi msoma mita alibisha hodi kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Alimkuta mzee amesimama, amevaa shati la kutokea. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, nikalitia mafuta yangu ya nywele mpaka likalegea. Ndani palinuka vumbi na wanga. Mashati ya wateja ambao hawakurudi kuyachukua yalining'inia bado, na blanketi lilikuwa na alama ya kuungua mahali pasi iliposahauliwa siku moja. Msoma mita alipanda kigoda, akafuta kioo kwa kiwiko, akalalamika haoni, akanyoosha mkono na kufungua dirisha. Mzee hakumkataza. Alisimama pale mezani, kiganja juu ya blanketi, namba zikisomwa. Kazi iliisha upesi mno, hata nikaona aibu kwa miezi yote ile.

Bili mpya ilipokuja, karibu deni lote lilikuwa limefutwa. Muuguzi alirudisha masanduku yake juu ya kabati. Nilimpelekea mzee ile karatasi mbio, nikamwambia amewashinda, leo ndiyo siku ya kununua soda.

Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Ilikuwa bili ndogo.

"Mimi nawatukana," alisema, "kumbe ni wao tu waliokuwa bado wanamhesabu."

Nilivuta kigoda nikakaa naye, na wateja wakaningoja.