Sale la Shangazi na Baridi ya Kangle

Haya jamani, mwenye kikombe akishike vizuri, na wewe uliyekaa mlangoni sukuma huo mlango, baridi ya huku haina adabu, inaingia bila hodi. Kila siku mnaniuliza kwa nini mtu akisafiri akaniomba nimwangalizie ua lake wiki mbili tu, mimi naanza kukohoa na kujifanya mgonjwa. Leo nawaambia. Na nikizidisha kidogo mnisamehe, chumvi ikipungua hata nyinyi hamtakula.

Mimi mji huu nilikuja kwa ajili ya nguo. Nachukua kitambaa sokoni, napeleka kwa mafundi hapa hapa Kangle, mtaa wa cherehani wa Guangzhou huku Uchina, zikishashonwa nazifunga marobota zinakwenda nyumbani. Nipe suruali elfu moja na gunia moja, nitazitia zote na nafasi ya soksi itabaki. Lakini mmea? Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kwetu mti ukitaka kuishi unaishi wenyewe, ukishindwa tunapikia.

Sasa chumba nilikirithi kwa Shangazi. Si shangazi wa damu. Ni mama wa Kichagga, alikaa hapa miaka kumi na miwili ananunua nguo, na kila Mtanzania aliyeshuka mji huu hana pa kula alikula kwake, ndiyo maana wote tunamwita Shangazi. Alipoamua kurudi Moshi, akawa anakuja mara moja moja tu kuchukua mzigo, kila mtu alikitolea macho kile chumba, kwa sababu kina dirisha lenye jua. Nyumba za huku mnazijua zilivyobanana, ukichemsha chai jirani wa nyumba ya pili ananyoosha mkono anatia sukari. Dirisha la Shangazi lilikuwa linapata jua la kula chapati moja, ukitafuna polepole. Lakini jua.

Sharti lilikuwa moja: anayechukua chumba anachukua na mimea. Ilikuwa kumi na moja, kwenye ndoo za rangi na makopo ya vifungo. Mishubiri, dungusi lenye miiba kama limegombana na dunia nzima, wa kutambaa uliozunguka bomba mpaka darini, na mingine ambayo jina lake mpaka leo sijui. Yote mizee. Alikuwa nayo tangu siku za kwanza.

Mkubwa wao, mfalme wao, alikuwa sale. Nyie mliotoka Kilimanjaro mnalijua. Mimi ilibidi nielezwe, nikaelezwa nimesimama, maana kitanda kilikuwa na mizigo. Ule mmea wa majani marefu kama ya mahindi, Wachagga wanaupanda kwenye mpaka wa shamba na kwenye kaburi. Na ukimkosea mtu kosa kubwa, unachukua jani la sale, unalipiga fundo, unampelekea. Akishalipokea hawezi kukukatalia msamaha. Shangazi alisema kipande cha shina lake alikikata nyumbani kwao, penye kaburi la mama yake, akakifunga kwenye kanga, akakipitisha kwenye ndege katikati ya unga wa ndizi, safari yake ya kwanza kabisa.

"Hii mingine ikifa nitalia siku moja," aliniambia. "Hili likifa, mwanangu, usinipigie simu."

Akanibandikia karatasi ya maelekezo ukutani. Kusoma nasoma, lakini taratibu sana, nikifika mwisho wa mstari mwanzo wake umeshazeeka. Nikaiacha karatasi ikae, ikawa pambo.

Basi miezi ya kwanza mambo safi. Ikaingia baridi. Watu wa kaskazini ya nchi hii wakisikia unalalamikia baridi ya Guangzhou wanacheka, wanasema hapa hakuna baridi. Waongo. Kwao kuna mabomba ya moto ukutani. Hapa ndani na nje ni ndugu. Na ni baridi ya majimaji, haikai kwenye ngozi, inakwenda moja kwa moja kwenye mfupa inakaa inakunja nne. Mimi ilifika mahali mswaki naupasha moto kabla sijauingiza mdomoni.

Jani la kwanza la sale likageuka njano siku ya tatu. Nikasema huyu kasikia baridi. Sasa mtu wa nguo akiona mwenzake ana baridi anafanya nini? Nilikuwa na sampuli za majaketi ya watoto, yale ya manyoya ndani, yenye masikio ya sungura kwenye kofia. Nikaivalisha mimea yote kumi na moja. Ukifungua mlango unadhani umeingia shule ya chekechea, wamepanga foleni wanasubiri uji. Bibi mwenye nyumba alikuja kuangalia mita ya maji, akaona, akakaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu.

Huyu bibi lazima niwaambie. Mchina, mfupi, ameshapangisha Watanzania miaka mingi kuliko umri wa simu yangu, na Kiswahili anacho. Maneno kama ishirini, yote ya sokoni: lipa, kesho hapana, nunua, kubwa, dogo, maji mengi basi. Akicheka anacheka Kiswahili pia.

Majaketi hayakusaidia. Dungusi lilianguka ndani ya jaketi lake kimya kimya, nikagundua baada ya wiki kwamba navalisha maiti. Nikahamisha mimea yote katikati ya chumba mbali na dirisha, mimi nikawa nalala nimejikunja kama ndoana. Nikaona sasa hawana jua. Nikarudisha dirishani. Nikaona wana upepo. Nikawasha pasi ya mvuke ya kunyooshea nguo, nikawapulizia mvuke asubuhi na jioni kama watoto wenye mafua. Kuta zikaanza kutoa jasho, kitanda kikaota ukungu, ukungu ndio ulikuwa mmea pekee uliostawi.

Na maji. Kwetu kitu kikiwa kinakufa unakipa maji, ndivyo tulivyolelewa. Nikawa nawapa maji ya vuguvugu, kila siku, kwa upendo. Kuna kijana wa Pemba, msomi, yuko huku kwa ufadhili anasomea madaraja, nikamwita aje aangalie. Akaingiza kidole kwenye ndoo ya sale, akakinusa. Akaniambia kwa upole wake ule wa pwani kwamba yeye ni mtu wa zege, si wa majani, lakini daraja likisimama kwenye tope la namna hii wao huwa wanawahamisha watu kwanza. Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema, "Kaka, mimi hapa ningekusomea dua tu."

Nikaacha maji. Nikayatoa yote chini kwa kutoboa ndoo. Nikabadilisha udongo. Nikatafuta mtu anisomee ile karatasi ya ukutani, mstari wa kwanza ukasema: baridi ikija usitie maji kabisa. Kabisa lilipigwa mstari mara mbili.

Sitaki kuwachosha. Ikabaki mitatu. Na sale, siku moja asubuhi nililishika shina kulisogeza, likatoka mkononi kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Bila kelele. Nilikaa na lile shina mkononi nadhani mpaka saa sita mchana. Mafundi wakapiga simu kuulizia vitambaa, nikawaambia nimefiwa. Wakanipa pole.

Shangazi alikuwa anapiga simu ya picha kila Jumapili akitoka kanisani. Nionyeshe mimea. Nikawa namwonyesha ile mitatu kwa karibu, nikigeuza simu kuelekea kona ya sale picha inakata. Mtandao wa huku, Shangazi. Jumapili ya pili mtandao. Ya tatu akasema mtandao una matatizo na kona moja tu ya chumba? Nikacheka, jasho linanitoka kwenye baridi ile ile.

Halafu akasema mambo mawili nikakoma kucheka. La kwanza, anakuja, mafundi wakishafungua baada ya mwaka mpya wa Wachina. La pili, kaka zake wamegawana shamba la mama, wakajenga uzio wa matofali, na masale yote yaliyokuwa kaburini yameng'olewa na kutupwa. Alisema taratibu, kama mtu anayehesabu watu waliobaki nyumbani.

"Kwa hiyo lililobaki duniani ni hilo la chumbani kwako. Nikija nakata kipande, nakirudisha kwa mama."

Jamani. Mimi nimewahi kupotezewa robota zima bandarini, sikuhisi vile.

Nikampigia simu Mchagga mmoja tunayefunga naye mizigo, nikamuuliza, hebu niambie, mtu akifanya kosa la namna hii kwenu anafanyaje? Akasema kosa zito, lakini lina dawa. Unachukua jani la sale unalipiga fundo. Nikamwambia ndugu yangu, jani nalitoa wapi, na sale lenyewe ndilo nililoliua?  Akacheka mpaka simu ikamwanguka, nikamsikia anacheka kwa mbali, simu iko sakafuni.

Ndipo nikaenda soko la maua. Siku zile za kuelekea mwaka mpya mji mzima unanunua vijichungwa vya kwenye ndoo, unafunga na utepe mwekundu, huwezi kupita, pikipiki zinatembea kama bustani. Nikawa naonyesha picha ya sale kila kibanda. Meiyou. Hakuna. Meiyou. Nilisikia meiyou siku ile mpaka nikaanza kuitika, nikadhani naitwa. Jioni jioni, kona ya mwisho, nikaliona. Sale. Majani yale yale, mstari ule ule katikati. Wamelivalisha utepe mwekundu, wanalinunua watu kwa ajili ya bahati, kumbe kwetu ni la makaburini. Tatizo yalikuwa yameisha madogo. Limebaki moja, refu kama mlango, shina nene kama paja la mcheza mieleka.

Nikalipakia kwenye toroli la miguu mitatu. Ghorofa ya sita, ngazi nyembamba, sale mgongoni, majani yananiingia masikioni. Ghorofa ya tatu nikakutana na bibi mwenye nyumba. Akanishikilia mlango. Akaliangalia, akaniangalia, akaweka kiganja chake usawa wa goti lake, akacheka peke yake. Nikadhani ananiuliza kama nina mtoto. Nikamwambia ninao wawili. Akazidi kucheka.

Nikaliweka kwenye ndoo ile ile ya rangi ya Shangazi, likaichana ndoo, nikaifunga kwa kamba za marobota. Nikalipaka vumbi kidogo lionekane la zamani.

Shangazi akafika. Kapungua, lakini sauti ile ile. Aliingia hata koti hajavua, akaenda moja kwa moja. Akaligusa. Akasimama pale mgongo ametugeuzia, mimi na yule kijana wa Pemba niliyemwita aje kunishikilia nisianguke. Mabega yakaanza kutikisika. Akasema mama angeliona hili. Akasema limekua, mwanangu, limekua mpaka silijui.

Sasa mimi uongo nausema vizuri, nyie mashahidi. Lakini ule ulinishinda. Nikawaza, kesho atakata kipande cha mti wa dukani, avuke nacho bahari, aende akakipande kwa mama yake. Mikono yangu ikafanya kazi kabla ya kichwa. Nikachuma jani moja la juu. Nikalipiga fundo. Nikapiga magoti pale kwenye majaketi ya sungura, nikamnyooshea kwa mikono miwili, nikasema, "Shangazi, pokea."

Akaliangalia jani. Akaniangalia mimi, Msukuma nimepiga magoti na sale mkononi, rangi ikamtoka. Akalipokea, maana halikataliwi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umefanya nini?"

 Kijana wa Pemba anaangalia dari. Na mlangoni alikuwa amesimama bibi mwenye nyumba, amekuja kumsalimia mpangaji wake wa zamani, amebeba machungwa kwenye mfuko. Akaliona sale, akaliona jani, akaona vile tulivyokauka. Nadhani aliona tunabishana kuhusu ukubwa, akataka kusaidia. Akamnyooshea Shangazi kidole, akaweka kiganja usawa wa goti, halafu akaninyooshea mimi, akainua mkono juu ya kichwa chake, akasema kwa furaha:

"Wewe, nunua dogo. Yeye, nunua kubwa."