Nyumba Yangu ya Magurudumu Ilivyogeuzwa Zahanati Isingiro

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na leo nawasimulia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu mke wangu Koku yuko jikoni hatusikii (akisikia atakuja aisimulie yeye, na kwake huwa mbaya zaidi).

Wakati ule vita ya mpakani ilikuwa imepita miaka michache tu, mimi ni fundi seremala pale Omurushaka, nimeoa, mtoto bado, na maisha yangu yalikuwa ya kutengeneza vitanda vya watu wengine. Siku moja wakapita Wazungu wawili wazee, mume na mke, na gari lao lilikuwa nyumba kabisa, lina kitanda, jiko, mapazia, na mlango wa kabati ulikuwa umeng'oka kwa mashimo ya barabara yetu, nikaitwa niutengeneze. Niliingia mle na nyundo yangu nikatoka mtu mwingine. Makenika aliyekuwa akiwatafsiria aliniambia hawa wana mwaka wa tatu njiani, hawana haraka, wakipapenda mahali wanakaa wiki, wakipachoka wanawasha gari. Sikulala vizuri tangu hapo.

Kaka yangu alikuwa ameniachia lori dogo kuukuu alipohamia Mwanza. Nikalijengea chumba cha mbao mgongoni, kitanda cha kukunja, rafu ya sufuria, dirisha kila upande, mlango na ngazi nyuma. Rangi nilitaka ya kijani, lakini miaka ile dukani ulichukua iliyopo, na iliyokuwepo ilikuwa nyeupe. Koku akashona mapazia, meupe vilevile (yalikuwa mashuka ya harusi yetu, na hilo hajalisahau). Nikazunguka Omurushaka nzima nikiaga, nikiwaambia watu kwamba tutakwenda polepole mpaka Mbeya, mwaka mzima, nitachonga viti njiani, na kwamba wenye nyumba za matofali ni wafungwa wasiojijua. Hilo la wafungwa nilimwambia mpaka mwenye nyumba wangu.

Tulianza na upande wa Kyerwa, kwa sababu wazazi wa Koku wako Isingiro na tusingeweza kuondoka bila kuwaaga. Njiani tukakwama kwenye tope mara mbili, nikasukuma, nikachafua suruali ya kwanza, nikabadili, nikachafua ya pili, na ya tatu haikuwepo, maana nilikuwa nimetangaza kwamba msafiri wa kweli habebi mizigo. Tulifika Isingiro jua linaelekea kuzama, na kutoka pale barabarani mpaka kwa wakwe zangu ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

Koku akasema, "Twende nyumbani. Mama atakuwa amepika."

"Mwanamume mwenye nyumba yake haombi malazi," nikamjibu. "Tulale hapa, kesho tuwafikie tumeoga."

"Hapa ni uwanja wa kijiji, Deo."

"Ndiyo uzuri wake. Pako tambarare."

Koku akachukua suruali zangu zote mbili, akazifua kwa maji yote yaliyobaki kwenye dumu, akazianika kwenye kamba kati ya gari na mkaratusi. Tukalala. Nililala vizuri mno, naona aibu hata kusema.

Asubuhi niliamka peke yangu, Koku ameshakwenda kisimani. Nje kuna ukungu, na ndani ya ukungu kuna minong'ono. Nikachungulia pembeni ya pazia nikaona akina mama na watoto mgongoni, wazee na mikongojo yao, watu arobaini hivi, wote wameelekea kwangu. Nikadhani wamekuja kuistaajabia nyumba yangu, na sitawaficha, nilifurahi. Kisha mama mmoja akagonga ubavuni.

"Daktari, shikamoo. Mnaanza saa ngapi?"

Pale ndipo ningesema mimi si daktari, maneno matatu tu, yameisha. Lakini nilikuwa nimevaa chupi, suruali ziko kambani katikati ya umati, nikaona nikisema mimi si daktari wataniuliza basi wewe nani, na itabidi nitoke nijieleze. Nikaona nijipatie dakika mbili tu Koku arudi. Nikakaza sauti nikasema, "Subirini kidogo, mama."

Basi. Nikasikia nje wanapeana habari mpaka nyuma kabisa, "Kasema tusubiri, kasema tusubiri," na watu wakakaa chini kwenye nyasi, wametulia, kama walioahidiwa kitu. Mama mwingine akaanua suruali zangu, akazikunja vizuri, akaenda kuziweka kule mbele juu ya boneti (nguo za daktari zisichafuke), mbali zaidi nami kuliko mwanzo.

Halafu akaja mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi, koti zito, faili kwapani. Akawapanga: wazee huku, wajawazito kule, wenye watoto katikati. Akahutubia. Akasema barua ya kuomba gari la zahanati waliiandika kabla ya vita, wakaambiwa ombi linashughulikiwa, wakaandika tena, likaendelea kushughulikiwa, na leo, ndugu wananchi, gari jeupe mmeliona wenyewe. Wakapiga makofi. Mimi mle ndani, nimejifunga kanga ya Koku kifuani, nilikaribia kupiga pia.

"Tunaanza na wazee," mwenyekiti akasema, akafungua mlango wa nyuma.

Aliyepanda ngazi wa kwanza, akisukumwa taratibu kwa sababu ya goti lake bovu, alikuwa mama mkwe wangu.

Nyie mnajua kwetu mambo ya mkwe yalivyo. Mama mkwe humpi hata mkono, ukikutana naye njiani unampisha. Na mimi nimesimama mbele yake na kanga ya binti yake, mkononi nimeshika mwiko, ambao mpaka leo sijui niliuchukulia nini. Akasema, "Deo," taratibu tu, akafumba macho, akabaki vilevile kwenye ngazi, kwa sababu goti halikumruhusu kurudi nyuma. Nikajitupa upande nijifiche kwenye pazia, pazia likaja na ubao wake mzima (kazi ya fundi mashuhuri wa Omurushaka), na dirisha likanianika mbele ya watu wote wa upande wa pili.

Koku alifika na ndoo kichwani. Akaitua. "Mama, shikamoo," akasema, akamshika mkono, akamteremsha. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Huyu si daktari, ni fundi wa vitanda."

Hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama aliyegonga asubuhi alikuwa na mtoto anayechemka kwa homa, habari za gari jeupe zilimfikia usiku, ametembea tangu jogoo la kwanza, akauliza, "Hata dawa ya homa hamna?" Nikamwambia hatuna. Hakunitukana. Alimfunga mtoto upya mgongoni, akasimama tu, hajui aende wapi.

Mwenyekiti akaangalia faili, akaangalia gari. "Lakini linatembea?"

"Linatembea," nikasema.

Basi nikapewa suruali zangu, zikiwa mbichi, tukang'oa kitanda, tukatandika godoro sakafuni, wakapakiwa wagonjwa waliozidiwa na akina mama wenye watoto, nikaendesha mpaka hospitali ya misheni, na safari hiyo haikuwa ya polepole. Godoro lilitapikiwa hata sikulitambua. Yule mtoto alitundikiwa dripu, akapona, namshukuru Mungu.

Jioni nilirudi kwa wakwe zangu. Mama mkwe alikuwa chumba cha ndani na hakutoka. Baba mkwe alinipa kiti, akanimiminia rubisi, pombe yetu ya ndizi, akasubiri ninywe kwanza.

"Mkwe wangu," akasema, "nyumba hii ina vyumba vinne. Nilikukosea nini hata ulale uwanjani?"

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, Koku naye akapiga magoti pembeni yangu, wakati yeye hakuwa na kosa lolote.

Tulikaa pale wiki tatu, nikatengeneza milango yote ya nyumba ile, safari ya mwaka mzima ikaishia siku ya pili. Mwenyekiti aliandika barua nyingine kwenda juu, na baadaye nikasikia kwenye mkutano mkubwa viongozi wakijipongeza kwamba huduma ya zahanati inayotembea imeshafika Isingiro (walihesabu lori langu).

Mbeya sijafika mpaka leo. Nikifika mahali penye watu wangu nagonga mlango, nakula kilichopikwa, nalala ninapoonyeshwa, hata kama ni chumba kimoja na kuku wanaoatamia. Na mtu akiniita kwa kazi isiyo yangu namkatalia hapo hapo, hata anikute uchi.