Mchanga Chini ya Kapeti la Gari

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa mke wa nyumba changa hapa Kakamega mjini, na gari letu la kwanza lilikuwa limekaa chini kwa nyuma kama kuku anayeatamia. Ukivuka tuta, nyuma kunagonga, kisha linanesanesa mpaka watoto wanacheka. Baba Imali, mume wangu, alisema ni ubovu wa barabara.

Tulilipeleka kwa fundi Rajabu, mtu wa Mumias, wa salamu ndefu. Akalipiga jeki, akatoa magurudumu ya nyuma, akatuita tuone. Springi moja ilikuwa imekatika chini, na ncha yake imeanza kuchuna tairi kwa ndani. Shoki zote mbili, zile za kupunguza mtikiso, zilikuwa zinavuja mafuta.

"Mama Imali, hii tairi ingepasuka watoto wakiwa ndani," akasema. "Na si mashimo ya barabara. Gari hii inabebanga mzigo mzito. Mnabeba nini?"

"Hatubebi kitu," tukajibu pamoja.

Ili azifikie nati za juu za shoki, ilibidi ainue kapeti la buti na kubandua kifuniko cha pembeni. Huko ndani, mwanangu, tulikuta mchanga. Wala haukuwa vumbi la barabarani. Ulikuwa mchanga wa mto, ule wa kujengea, umejaa kila pembe, na mwingine bado una unyevu.

Nikamtazama mume wangu. Naye alikuwa ananitazama mimi.

Nikajiambia, huyu bwana anajenga. Anamjengea nani? Nikakumbuka safari zake za kazi za Lumakanda, ambazo kila mara alikuwa na sababu ya kuniacha nyumbani. Rajabu akafunga springi mpya na shoki mpya, kulia na kushoto, gari likasimama sawa. Tukarudi nyumbani.

Siku zilizofuata tuliishi kama wapelelezi. Mimi nilipekua mifuko ya suruali zake. Yeye nikamkuta anageuza viatu vyangu atazame soli. Hata obusuma, ugali wetu, tulikula kila mtu kona yake. Mwishowe nikashindwa. Nikamuuliza mume wangu kama nyumba ya huyo mke mwenzangu imefika lenta, pale juu ya madirisha, au bado. Akaruka kutoka kitini.

"Nyumba gani? Si wewe unayewajengea kaka zako kwa gari langu? Basi rudi kwenu ukailinde!"

Neno hilo, mwanangu, lilinikata. Nikafunga mzigo wangu. Lakini sikwenda kwetu. Nilikwenda Iguhu kwa mama mkwe, maana mama yule hakuwa na desturi ya kumpendelea mwanawe. Alinisikiliza huku akichambua maharagwe, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ufunguo wa gari unashikwanga na nani?"

"Sisi wawili, mama." Ulimi ukasita. "Na Mzee Muhati."

Mzee Muhati alikuwa kiongozi katika kanisa letu. Kila Jumamosi tulimwazima gari awapeleke wagonjwa hospitalini, huko huko Iguhu. Alilirudisha limeoshwa, linang'aa, na kabla hatujauliza lolote alikuwa ameshainamisha kichwa mlangoni anatuombea.

"Mgonjwa hata mmoja mmewahi kumuona?" mama mkwe akauliza.

Nikatikisa kichwa. Akaweka ungo chini.

"Kushuku mnajua. Kuuliza ndiko kuliwashinda. Mnalala kitanda kimoja, mnaonana wezi, na mwenye ufunguo mnamwitikia amina!"

Jumamosi ilipofika akamwita mwanawe, tukaenda hospitalini sote watatu. Gari halikuwapo, na mlinzi wa lango hakulijua. Tukashuka njia ya mto Yala, kunakochotwa mchanga. Tulilikuta ukingoni, buti wazi, wanaume wawili wanapakia magunia ya mchanga, na nyuma limeshainama tena.

"Bwana asifiwe!" Mzee Muhati akapaza sauti. "Leo wagonjwa hawakupatikana."

Baba Imali akamsogelea. Alinyoosha mkono, akangoja ufunguo.

"Nilikuwa nitawaambia," mzee akasema. "Ni vile vyumba vyangu vya kupangisha tu..."

Ufunguo ukatoka. Mume wangu akayashusha yale magunia na kuyamwaga pale pale ukingoni, nami nikamsaidia, hakuna aliyetuzuia. Njiani aliniomba msamaha, nami nikamwomba. Mama mkwe, kiti cha nyuma, akajifanya amelala. Lakini lile "rudi kwenu" lilikaa nyumbani mwetu miaka mingi. Neno likishatoka halina wa kulirudisha.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Mimi nashuku hadi leo. Mtu akiharakisha kuniombea kabla sijamkaribisha, namtazama mikono. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema uanze kwa kuirarua nguo. Ukiona kitu kimekatika, usikitengeneze tu ukanyamaza. Tafuta kilikatwa na nini. Na aliye karibu nawe muulize kwanza, uso kwa uso, kwa sauti ya kawaida, kabla moyo haujamjengea nyumba ambayo hakujenga. Kuuliza si ujinga. Na huruma yako iwe na macho: ukitoa chako kwa ajili ya mgonjwa, nenda ukamjulie hali huyo mgonjwa.

Mungu akupe mwenzi mtakayeulizana bila kuogopana. Akulinde na wenye maneno matamu, na kila safari yako, wewe na wote uliowabeba, iishie nyumbani kwa amani.