Siku Nilichinja Jogoo ya Mkamwana

Huku kwetu nje ya Bungoma boma zilikuwa zimebaki na wazee na kufuli. Watoto wangu wote sita walienda mjini. Jumapili kanisani, kwaya ilikuwa sisi akina kukhu, nyanya wazee, peke yetu, mwanaume hata mmoja hakuna, ikabidi mimi niimbe besi. Na niliimba vizuri, msicheke.

Kwa hivyo kijana wangu wa mwisho alipofika kutoka Nairobi na bibi yake na watoto wawili, godoro juu ya gari, nililia mpaka leso ikalowa. Huyo mkamwana wangu alizaliwa Kibomet, kule Kitale. Yeye haogopi kusema. Tukiwa bado tunashusha masufuria, akaniambia, "Mama, tumekuja kujaribu msimu mmoja. Ikikataa, tunarudi Nairobi."

Msimu mmoja! Yaani mahindi ipandwe, ivunwe, basi. Nikaanza kuangalia mahindi kama adui.

Sasa, kwetu mgeni akifika, kuku inaanguka. Hiyo hakuna mtu anauliza. Siku ya kwanza nikachinja. Jumapili nikachinja. Jumatano, ati kwa sababu mtoto alikohoa, nikachinja.

"Mama," mkamwana akasema, "utatuchinjia mpaka lini? Si sisi ni wa hapa?"

"Kula paja, wacha maneno," nikamwambia.

Yeye alikuwa amekuja na kuku zake za kienyeji kutoka kwa mama yake, kumi na mbili na jogoo moja. Hiyo jogoo, bana! Nyekundu, kifua mbele, anatembea kama chifu. Yeye na kijana wangu walijenga banda nyuma ya jikoni, wakaanza kutotoa vifaranga. Hapo ndio pesa ilianza kuingia, kidogo kidogo. Majirani wakawa wanaweka oda. Hata jirani yangu mjane alitaka vifaranga, ndio binti yake aliyekuwa anahangaika na vibarua Webuye arudi nyumbani afuge. Mimi nikaona kama boma inaanza kupumua.

Halafu asubuhi moja simu ikalia. Mama ya mkamwana alikuwa njiani kutoka Kitale, anakuja kuona mtoto wake anaishi aje. Mimi hiyo nilielewa haraka. Akikuta mtoto amekonda, anambeba anarudi naye.

Kijana na bibi yake walikuwa shambani wanapalilia. Kuku zangu mwenyewe nilikuwa nimezimaliza, nyinyi mnajua vile. Na mgeni wa uzito hiyo, utampea nini, sukuma? Nikaingia bandani. Ile nono kabisa ilikuwa moja tu.

Mgeni alikuwa ameshakaa mezani, firigisi nimempea yeye, ile sisi huwekea wanaume, ndio ajue nimemheshimu. Mkamwana akaingia na gambuti za matope miguuni. Akasalimia mama yake, akasikiza nje kidogo.

"Mama, mbona jogoo amenyamaza?"

"Ako kwa sufuria," nikasema.

"Gani? Ile nyekundu?"

"Si ndio ilikuwa nono."

Akakaa chini na gambuti zake. "Mama, umechinja kazi yetu. Sasa hiyo mayai itatoa vifaranga aje bila jogoo? Watu wameshaweka oda!"

Wacha niwaambie. Nilijua mimi mwenyewe nimewarudisha Nairobi, na chumvi nimeweka.

Mgeni alikuwa ameshika paja hewani. Akaliangalia. Akaangalia mtoto wake. "Kumbe nimekula bwana ya kuku kumi na mbili!" Akaanza kucheka, tumbo inaruka, machozi inatoka. Mkamwana akajaribu kukasirika, ikamshinda. Mimi nilicheka nikiwa naogopa.

"Mama," mgeni akaniambia akijipanguza, "kesho tunaenda na wewe kwangu. Mwenye kuchinja ndiye atabeba jogoo ingine."

Kesho yake nikajikuta Kibomet, kwa uwanja yake, nachagua jogoo na macho yangu mwenyewe. Akanishikia mbili. Moja kubwa, iko tayari kwa kazi. Ingine mdogo, mkia bado haijaota vizuri. Akapigia mtoto wake simu, akaweka ile sauti ya watu wote kusikia.

"Nimpe mama mkwe wako jogoo gani?"

"Mpe wote wawili," mkamwana akasema. "Ile kubwa ianze saa hii. Huyo mdogo ataichukulia kazi mwaka ujao."

Mwaka ujao! Yeye hata hakujua amesema nini. Aliendelea tu na mambo ya chakula ya vifaranga. Mimi nilishika mama yake mkono, na yeye akanishika, tukasimama hapo katikati ya kinyesi ya kuku kama wasichana.

Mahindi tulivuna, godoro haikupanda gari. Binti ya jirani alirudi, anafuga. Vijana wengine wawili wa hapa wamefungua kufuli za baba zao, na mmoja anaimba besi. Mimi nilirudi kwa sauti yangu.

Juzi kijana wangu mkubwa alikuja kutembea, nikampakulia mayai na mboga ya mrenda. Akaangalia sahani.

"Mama, hakuna kuku?"

"Kuku iko kazini," nikamwambia. "Na wewe kama unataka kazi, banda inahitaji mlango."